Spika ya Sita Nyumbani kwa Bi Mwanahawa

Vijana wangu wa ufundi, wiki iliyopita mmoja wenu alinijia hapa Chamazi akiwa na kisanduku cha spika kwapani. Alitaka kujua jinsi ya kuongeza spika ya katikati nyuma kwenye ile mitambo midogo ya sinema ya nyumbani, ile ya zamani yenye spika tano, ambayo wajomba zenu walikuwa wakirudi nayo kutoka Dubai. Nilimchorea kwenye karatasi, akashukuru, akaenda zake. Alipoondoka nikaona kwamba sijamweleza hata nusu. Nusu iliyobaki ndiyo ninayoiandika hapa.

Nianze na ile aliyoipata, ili tuwe pamoja. Spika ya kawaida inapokea nyaya mbili kutoka kwenye amplifaya, chanya na hasi. Hii ya nyuma haifungwi hivyo. Unachukua chanya ya spika ya mbele kulia na chanya ya spika ya mbele kushoto, unaifunga spika yako baina ya hizo mbili, na hasi unaziacha zilivyo. Sauti ambayo ni sawasawa pande zote mbili inajifuta. Inayobaki ni tofauti tu ya kulia na kushoto. Katika filamu, maneno ya waigizaji huwekwa sawasawa pande zote, kwa hiyo nyuma hayafiki. Yanayofika ni mvua, upepo, kelele za sokoni, mwangwi wa kwato za farasi. Mtu aliyekaa kwenye kochi anajiona yumo ndani ya mvua hiyo. Mara ya kwanza nilipoisikia nilizima mtambo nikaanza upya, nikidhani nimekosea mahali.

Kabla ya kufunga, zima kila kitu, chukua mita ya umeme, upime kama zile hasi mbili zimeungana ndani ya amplifaya. Kama hazijaungana, acha. Kuna fundi wa Mabibo niliyemfahamu ambaye hakupenda kupima. Alifunga nyumbani kwa mtu, akawasha, na mwenye nyumba akamwambia kwa upole kabisa: "Fundi, hii sinema ya moto imeanza mbona kanda hatujaweka?"

Mimi nilikuwa mtu wa kupima, na nilikuwa mtu wa kusoma. Shule niliiachia darasa la saba. Mengine yote niliyatoa kwenye vitabu vya ufundi vilivyochakaa, nilivyokuwa nikivipata Kariakoo, vingine havina jalada, vingine havina mwisho. Nilizoea kuamini mchoro. Aliyenifundisha kazi, Mzee Hemedi wa Tandika, hakuwa na kitabu hata kimoja. Alianza na redio za valvu, wakati redio moja ilisikilizwa na mtaa mzima. Akimaliza kutengeneza redio nyumbani kwa mtu, alikuwa akiuliza: "Wewe unakaaga wapi ukisikiliza?" Akionyeshwa, anakwenda kukaa palepale. Kama ni kwenye kinu kilicholazwa, anakaa kwenye kinu. Anafumba macho, anasikiliza taarifa ya habari hadi mwisho, ndipo anafunga mkoba wake. Watu walimcheka. Nami nilimcheka, maana nilikuwa na mita na niliona mita inatosha.

Sasa nije kwa Sudi.

Sudi alikuwa akiuza vipuri vya magari, na aliishi Mtoni kwenye nyumba ya familia. Walikuwa watu wa Pwani hasa, babu zake walikuwa Dar kabla mji haujafika huko kwao. Niliijua nyumba ile kwa sababu niliwahi kuwatengenezea televisheni yao ndogo. Sebule ilikuwa ndefu na nyembamba. Mbele ilikaa televisheni, katikati makochi, na mwisho kabisa mlango wenye pazia uliotokea uani, ambako ndiko jiko lilikuwa. Mbele ya mlango huo, upande wa ndani, kulitandikwa mkeka. Hapo ndipo alipokaa Bi Mwanahawa, mama yake Sudi. Sikio moja alikuwa nalo jikoni na moja sebuleni. Macho yalikuwa yamekwisha. Presha ya macho iliyachukua taratibu, moja likafuata jingine, na wakati nilipomfahamu hakuwa akiona hata mwanga wa taa.

Lakini sinema alikuwa akiangalia. Nasema alikuwa akiangalia kwa sababu mwenyewe alisema hivyo. Mkwewe Zuhura, mke wa Sudi, alikaa naye mkekani akichambua mchele au akisuka, na alikuwa amezikariri filamu za Kihindi mpaka maneno anayaelewa. Siku ile niliyokuwa nimepiga magoti nyuma ya televisheni niliwasikia wote wawili.

"Huyo aliyeingia nani?" aliuliza Bi Mwanahawa.

"Yule kaka mkubwa, mama. Kavaa shati jekundu, vifungo kafungua mpaka kitovuni."

"Hana mama wa kumwambia afunge?"

"Mama yake si kafa mwanzo wa kanda."

"Ah, ndiyo maana."

Televisheni ile ilikuwa na spika moja, tena imechanika pembeni. Niliibandika kwa gundi na kipande cha karatasi. Hakuna aliyelalamika.

Mwishoni mwa miaka ya tisini biashara ya Sudi ilichanua. Mipaka ilikuwa imefunguliwa, bidhaa zinaingia, na yeye alikuwa akienda Dubai na kurudi kama mtu anayekwenda Kibaha. Safari moja alirudi na mtambo wa sinema ya nyumbani: deki ya video, amplifaya ndogo nyeusi, na spika tano. Akaniita nifunge. Nikafunga mbili mbele, moja katikati yake, mbili pembeni mwa makochi. Nilipomaliza hakufurahi kama nilivyotarajia. Alisimama mlangoni pa uani, akaangalia makochi, akaangalia mkeka.

"Fundi, hizi zote zinaishia kwenye makochi," alisema. "Mama kule nyuma anaambulia makombo. Mie nataka mama asikie kuliko mtu yeyote humu ndani. Hakuna namna ya kumwekea ya kwake?"

Nikamwambia ipo. Kwa kweli nilikuwa nikiisubiri nafasi hiyo. Mchoro nilikuwa nao, nilikuwa sijapata nyumba ya kuujaribia.

Spika niliitoa kwenye redio kubwa iliyokufa, spika nzima, nzuri. Kisanduku nilikwenda kukichongesha Keko kwa seremala mmoja wa Kimakonde, mtu wa maneno. Aliangalia vipimo vyangu, akaniangalia mimi.

"Kisanduku cha nini hiki, fundi? Unazika paka?"

Alikitengeneza vizuri mno. Nikakifunga juu ya mlango wa uani, katikati kabisa, kimeinama kidogo kuelekea mkekani. Nyaya nilizipitisha pembeni mwa dari zisionekane. Nikapima hasi, zilikuwa zimeungana. Nikafunga, nikawasha, tukaweka kanda ya kukodi.

Spika ya sita haikutoa hata mkwaruzo.

"Umenifungia pambo?" aliuliza Sudi.

Hili mlijue, maana litawapata. Kanda za kukodi zilikuwa zimenakiliwa kutoka nakala ya nakala, sauti ni moja tu, kulia na kushoto hakuna tofauti. Na spika hii inakula tofauti. Isipokuwapo, haina cha kusema. Nikamwomba kanda halisi. Alikuwa nayo moja, bado imo ndani ya nailoni yake kutoka Dubai. Tukaiweka. Ilikuwa na mvua mwanzoni kabisa, mvua kubwa yenye radi, na mvua hiyo ikashuka kutoka juu ya mlango kama vile bati limefunguliwa.

Bi Mwanahawa alinyoosha mkono juu, kiganja wazi. "Zuhura! Nguo uani!"

Zuhura alitoka mbio kupitia pazia. Tukamsikia akisimama. Kisha akarudi taratibu, amejishika kiuno. "Mama, jua linachoma utosi."

Nyumba nzima ilicheka. Bi Mwanahawa mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Sudi alinishika bega, akasema hajawahi kuona fundi kama mimi. Nikakaa naye kwenye kochi tukasikiliza. Ilikuwa safi. Maneno mbele, mvua nyuma, kila kitu mahali pake kama kitabu kilivyosema.

Kwenye mkeka sikukaa. Nilifikiria, maana Mzee Hemedi alinijia kichwani, lakini lile lilikuwa eneo la wanawake. Mwanamume mgeni haendi kuketi kwenye mkeka wa mama wa mtu, mlangoni pa uani, wanawake wanapita na masufuria na kanga zao za jikoni. Hata Mzee Hemedi, aliyekaa kwenye kinu, asingekaa pale bila kuitwa. Na Sudi hakuniita, kwa sababu hata yeye hakuwahi kufikiria kwamba sauti inaweza kuwa nyingine hatua chache tu kutoka kwenye kochi lake. Nikafunga mkoba nikaenda zangu.

Baada ya muda Zuhura alipita kibandani kwangu akitoka sokoni.

"Kaka fundi, mama anasema spika yake haisemi."

"Haitoi sauti?"

"Sauti inatoa. Haisemi. Njoo tu umsikilize mwenyewe, mie ukiniuliza nitakupoteza."

Nilikwenda mchana, Sudi akiwa dukani. Nikamwamkia Bi Mwanahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye uliyeniletea mvua?"

"Ndiye mimi."

"Mvua naisikia. Farasi nawasikia, na milango inavyobamizwa naisikia. Watu wako wapi?"

Nilimwomba ruhusa nikae pale alipo. Akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja. "Kaa. Mie nishazeeka, nani atasema neno?"

Zuhura akaweka kanda ileile na kuiongeza sauti kama Sudi anavyoiweka jioni. Nilifumba macho. Spika yangu ilikuwa karibu na kichwa kuliko nyingine zote, na yote iliyoyatoa yalikuwa makelele. Maneno yalikuwa mbele huko, nyuma ya makochi, yamezama. Nilikuwa nimemwekea mtu asiyeona dhoruba isiyo na watu ndani yake, na nilikuwa nimeifunga kwa usahihi kabisa.

Nikapanda juu ya kiti, nikabadili nyaya. Niliihamishia spika kwenye njia ya spika ya katikati mbele, ile inayobeba maneno, nikaweka rezista ili amplifaya isilemewe. Nikawasha. Sauti ya mwanamke ikashuka juu ya mkeka, wazi, kila herufi.

"Ee," alisema Bi Mwanahawa. "Sasa nawasikia." Akatega sikio kwa muda. "Wanasema nini?"

Ilikuwa Kihindi.

Zuhura alianza kumweleza, lakini ilibidi apige kelele, na Bi Mwanahawa akawa anauliza "Eh? Eh?" huku yule mwanamke wa kwenye kanda akilia juu ya vichwa vyao. Zuhura akaachia hapo.

"Kwani siku hizi humsimulii?" nikamuuliza.

"Nimsimulie saa ngapi, kaka fundi? Jioni wageni wamejaa, wanakuja kusikiliza huo mtambo. Mie nina chai mkononi. Na nikifungua mdomo Sudi ananiambia nawaharibia watu, si mama ana spika yake."

Bi Mwanahawa alisikia yote. Alipapasa mkeka mpaka akapata kanga yake, akaikunja, akaikunjua.

Jioni yake nilimfuata Sudi dukani, katikati ya vyuma vyake. Nikamwambia mama anahitaji sauti ipunguzwe, na Zuhura arudi kukaa pale.

"Kaka, nipunguze?" alisema. "Sasa nimenunua ya nini? Mtoni nzima, nitajie mtu ambaye mama yake ana spika yake peke yake."

"Simtaji, hayupo."

"Basi!"

Hakuwa mtu mbaya, vijana. Nawaomba msimsome vibaya. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeleta zawadi na kuambiwa airudishe dukani. Ningeweza kumweleza habari ya kulia na kushoto mpaka duka lifungwe. Hili lingine halikuwa na mchoro, na mimi bila mchoro nilikuwa bubu. Nikasema neno moja au mawili, nikaaga.

Niseme pia kwamba spika ile ilinipatia jina. Wageni wa Sudi walitaka na wao, na nikafunga nyingine Kinondoni, nyingine hadi Boko, zile nyumba za maua getini. Karibu kila mtu alisema ni kwa ajili ya fulani anayekaa nyuma: bibi, shangazi, dada anayepika. Nilianza kuuliza wanakaa wapi na wanasikiliza nini, lakini swali lilionekana la ajabu kwa mtu aliyeitwa kufunga nyaya, na wengi walinijibu kwa kunionyesha ukuta. Nyumba hizo nazikumbuka moja moja. Sijui waliokaa chini ya spika hizo walisikia nini.

Siku moja Sudi alikuja mwenyewe kibandani. Hakukaa.

"Fundi, mama anahama."

"Anahama kwenda wapi?"

"Kwa jirani. Kila magharibi ikishaswaliwa anashika ukuta, huyo anakwenda kwa Mama Tekla. Twende ukaone."

Mama Tekla alikuwa mwanamke wa Newala, mjane, Mkristo, muuza karanga, na nyumba yake ilipakana na ya kina Sudi. Alikuwa na televisheni ndogo kuliko ile ya zamani ya kina Sudi, na jioni hiyo kituo kilikuwa kikionyesha filamu ya Kihindi. Mlango ulikuwa wazi. Tulisimama nje, kwa sababu Sudi alisimama, nami nikasimama.

"Mwanamke huyu sasa analia," ilikuwa sauti ya Mama Tekla. Akatafuna karanga kidogo. "Analia kwa sababu... mumewe kauza shamba la korosho."

"Na huko India wana korosho?" aliuliza Bi Mwanahawa.

"Wewe! Zetu zote si ndiko zinakokwenda?"

"Haya. Na huyo anayenguruma?"

"Huyo ana sharubu. Ni mnunuzi. Mizani yake mbovu, ndiyo maana anang'aka."

"Mshenzi."

"Mshenzi haswa, Bi Mwanahawa. Subiri, sasa wanaimba."

"Wanaimba nini, na shamba limeuzwa?"

"Ndio wanaliimbia hilo shamba."

Bi Mwanahawa alicheka. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia tangu siku ya nguo.

Sudi aliniinamia. "Filamu hiyo naijua," alisema kwa sauti ndogo. "Hamna korosho wala mizani. Yule mwenye sharubu ni hakimu."

Kisha akapiga hodi, akaingia. "Mama, twende nyumbani."

"Umekuja, mwanangu? Nakuja. Acha kwanza nijue shamba linarudi au halirudi."

Sudi alibaki kusimama pale kwenye zulia la watu, mikono haina pa kwenda, hadi filamu ikaisha. Shamba lilirudi.

Kesho yake aliniambia nikaing'oe ile spika. Nilipanda kwenye kiti kilekile, nikafungua skrubu, nikateremsha kisanduku, nikavuta waya wote darini. Matundu ukutani niliyaziba kwa saruji nyeupe. Sudi akapunguza sauti ya mtambo hadi ikawa ndogo kuliko ile ya televisheni ya zamani, akawaambia wageni waje Ijumaa tu, na Zuhura akarudi mkekani. Jioni hiyo nilikuwapo, walinibakisha nile nao. Zuhura alisimulia vizuri, kwa makini, kila kilichokuwamo na hakuna kilichozidi. Sudi aligeuka kwenye kochi lake mara kwa mara kuangalia uso wa mama yake.

Bi Mwanahawa alisikiliza kwa adabu. Mtu wa tatu alipoingia kwenye filamu akauliza: "Huyu naye ana mizani?"

"Hana, mama," alisema Zuhura. "Ni daktari."

"Ah."

Hakuuliza tena. Siku mbili tatu alikaa, kwa heshima ya mwanawe. Halafu, Zuhura aliniambia, magharibi moja alimaliza kuswali, akakunja mswala, akapapasa ukuta.

Sudi hakumzuia. Mtambo aliendelea nao kwa muda, baadaye akampa ndugu yake. Mara ya mwisho aliponiita haikuwa kwa ajili ya nyumba yake. Televisheni ya Mama Tekla ilikuwa na picha inayoyumba, akaniomba nikaiangalie, akasema mama yuko kule kila siku na si vizuri kitu kiwe kibovu. Nilikwenda na mkoba wangu. Mama Tekla alikuwa akikaanga karanga nje. Bi Mwanahawa alikuwa ndani, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Alinitambua kwa mlio wa bisibisi.

"Fundi," alisema, "hiyo picha itengeneze. Spika usiiguse."